Timazi ya Kuazima

Asubuhi ya Juni, Mdabulo, ukungu umelalia chai
kama blanketi ambalo hakuna anayetaka kulikunja,
Mdendemi akapiga hodi. Bunduki begani, chemba wazi,
risasi ameziacha kwa mkewe, ndani ya debe la chumvi.
"Fundi, niazime timazi."

Nikadhani anajenga.
Akafungua kanga kuukuu: darubini,
nyeusi, fupi, nzito kuliko ilivyoonekana.
"Nguruwe wamemaliza viazi vya Sekunda.
Kibali ninacho. Jicho ndilo limeanza kunitoroka."

Tukaibana bunduki kwenye jiliwa langu,
mataya tumeyavika mpira wa baiskeli yasiikwaruze.
Kitako kwanza. Kisha pete mbili, nusu za chini.
Skrubu ndogo kama punje za ulezi;
moja ikadondoka, tukaitafuta kwa magoti,
wanaume wawili wenye wajukuu,
tukipapasa vumbi la mbao, kimya, kama wezi.

"Usikaze moja mpaka mwisho," akaniambia.
"Kidogo hapa, kidogo kule, mshazari."
Kama nati za tairi.
Kama kugawa nyama kwa ndugu walionuniana.

Nikailaza pima maji mgongoni mwa bunduki.
Kiputo kikatembea, kikasita,
kikarudi katikati, kikatulia
kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.

Kumbe hiyo ilikuwa nusu ya kazi.
Ndani ya kioo mna nywele mbili,
mmoja umesimama, mmoja umelala,
na zikienda upogo, hata kwa unene wa ukucha,
ng'ambo ya bonde risasi itaangukia kwa jirani.
"Kosa dogo halionekani karibu," akasema Mdendemi.
"Linangoja umbali."

Nikatundika timazi kwenye kenchi ya nyumba yangu,
hatua arobaini kutoka karakana.
Timazi yangu nayo ni ya risasi,
ila hii haiendi popote:
inaning'inia tu, inasema kweli.
Tukasubiri upepo umalize maneno yake.

Akaweka jicho. Akaizungusha darubini kwa ncha za vidole,
taratibu, kama anayetafuta stesheni ya redio usiku.
"Njoo uone."

Nikaona. Uzi na unywele vilikuwa kitu kimoja.
Na nyuma ya uzi, imekuzwa mara sita,
ikanijia kona ya nyumba yangu,
niliyoijenga mwaka niliooa,
ninayowaonyesha vijana wa kazi: tazameni, hivi ndivyo.
Juu, kona na uzi vinagusana.
Chini pana nafasi.
Kidole kinapita. Labda viwili.

Nilichungulia muda mrefu mno
kwa mtu asiye mwindaji.
"Iko sawa?"
"Darubini iko sawa," nikasema.

Akakaza zile skrubu, kidogo hapa, kidogo kule,
akanywa chai, akakataa kiazi cha pili, akaondoka.
Usiku wa Alhamisi nikasikia mlio mmoja. Mmoja tu.
Kulipokucha, paja la nguruwe mlangoni,
limeviringishwa kwenye gazeti la mwaka jana.

Mama Kastuli akalikata pale pale konani,
mgongo ameuegemeza ukutani
kama alivyouegemeza miaka yote hii.
Nikataka kumwambia. Nikaomba chumvi.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ufa sina. Nina ukuta mzima,
miaka thelathini na mmoja, unainama polepole kuelekea kwa Sekunda,
na ndani yake wamezaliwa watoto wanne,
wote wima.

Timazi nimeirudisha msumarini.
Nikipita hapo
natazama pembeni.